Baiskeli ya umeme ya dola 599 kwenye kampeni ya kuchangisha: nitoe fedha au niache?

Mtanga wa Minneapolis

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha, kwa sababu zimebaki siku 6 kampeni hii ya mtandaoni, ambapo watu hutoa fedha kwanza ili baiskeli zitengenezwe, ifungwe, na nimeona humu wapo watu wanaozijua baiskeli za umeme kwa kuzipanda na kuzitengeneza.

Ninaishi Minneapolis na ninafanya kazi ya zamu ya usiku katika ghala lililo kilomita 9 kutoka nyumbani. Kwenda sipati tabu, maana basi lipo; tabu ni kurudi, kwa kuwa zamu huisha saa kumi na nusu alfajiri, basi la kwanza huwa bado, nami hulazimika kulipa gari la kukodi karibu dola 17 kila siku. Nimepiga hesabu nikaona kwamba baiskeli ya dola 599 ingejilipa ndani ya miezi miwili.

Tangazo lenyewe linasema hivi: mota ya wati 1,000, betri ya volti 36 na ampea-saa 10, tairi nene za inchi 20 kwa 4, uzito wa kilo 22, mwendo wa kilomita 100 kwa chaji moja, na kufuli linalofunguliwa kwa programu ya simu. Wanadai kwamba baadaye itauzwa dukani kwa dola 1,499. Gharama ya usafirishaji "itatozwa baadaye", na baiskeli zitaanza kutumwa baada ya miezi minne. Lengo lao lilikuwa dola 20,000, na sasa wamelivuka zaidi ya mara 30.

Kinachonitia wasiwasi ni video yao. Nimeitazama mara nyingi, na kila inapoonyeshwa baiskeli, iwe ufukweni, mlimani au mjini, naona mkwaruzo uleule kwenye rimu ya nyuma, karibu na kipira cha kujazia upepo. Kwa dakika 3 nzima hakuna mahali ambapo baiskeli mbili zinaonekana pamoja. Pia nimeona kwamba waandaaji huwajibu haraka wanaowasifu, lakini maswali kuhusu betri yamekaa wiki mbili bila jibu.

Kuna jambo la pili. Baba yangu yuko Tanga, ana miaka 68, na bado huendesha Phoenix yake kutoka Makorora hadi shambani Pongwe. Waandaaji wanatoa baiskeli mbili kwa dola 1,099, nami nimekuwa nikiwaza kuichukua ya pili kwenye ndege nitakapokwenda nyumbani Desemba. Je, hatari ya jambo hili ni kubwa kiasi gani, na niwaulize nini kabla sijatoa fedha?

Mama Salma, Columbus

Mdogo wangu, pole kwa zamu za usiku. Nitakueleza yaliyonipata mimi, kwa sababu tangazo ulilolieleza linafanana sana na lile lililonivuta.

Nilitoa dola 549, na baadaye nikaongezewa dola 180 za usafirishaji ambazo sikuzitia kwenye hesabu zangu. Niliahidiwa baiskeli mwezi wa Agosti. Ilifika Oktoba ya mwaka uliofuata, yaani miezi 14 baadaye. Katika muda huo wote tulipata barua pepe ndefu zenye picha za kiwanda, na kila barua ilikuwa na sababu mpya: mara rangi, mara bandari, mara kiwanda kimebadilisha mota. Wale waliouliza kwa ukali waliambiwa kwamba wao si wateja bali ni wachangiaji wa mradi. Neno hilo liliniuma, lakini niliporudi kusoma masharti niliyoyakubali kwa kubofya, nikakuta ndivyo yalivyoandikwa.

Boksi lilifika likiwa limepasuka pembe moja. Nilipoziunganisha sehemu za baiskeli na kulizungusha gurudumu la nyuma, likawa linaigusa breki kwa upande mmoja tu katika kila mzunguko, likitoa sauti ya kukwaruza. Nilizishika spoku mojamoja kwa vidole, nikaona baadhi zimekaza kama waya wa gitaa na nyingine zinalegea kabisa. Duka la kwanza la baiskeli nililolipelekea lilikataa kuigusa, likisema halifanyi kazi kwenye baiskeli za umeme za watengenezaji lisiowajua, na hasa halitaki betri yake ilale ndani ya duka. Duka la pili lilinitoza dola 90 kwa kunyoosha magurudumu mawili na kurekebisha breki.

Baada ya hapo, nakiri kwa haki, baiskeli ilinifaa. Niliiendesha msimu mzima wa joto kwenda kazini na niliifurahia. Kisha, baada ya baridi ya pili, betri ikagoma kushika chaji. Nikaandika barua pepe, ikarudi. Nikafungua tovuti yao, nikakuta jina la tovuti linauzwa. Nilidhani nitanunua betri nyingine ya volti zilezile, lakini soketi yake ina pini tano za mpangilio ambao sijauona kwenye betri nyingine yoyote, na boksi la betri limekatwa kwa umbo la fremu ile peke yake. Baiskeli ipo chini, kwenye chumba cha kuhifadhia vitu, tairi bado nzima na rangi bado inang'aa.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usijiulize tu kama itafika. Jiulize pia siku betri itakapokufa utamwendea nani, na uwaulize waandaaji swali hilo waziwazi: je, betri ya akiba inauzwa leo, kwa bei gani, na inaweza kununuliwa kwa mtu mwingine asiyekuwa wao?

Fundi Umeme, Dar es Salaam

Naunga mkono aliyoyasema dada hapo juu, nami nitabaki kwenye betri, kwa kuwa ndiyo sehemu inayobeba karibu uzito wote wa swali hili.

Tuanze na ile ahadi ya kilomita 100. Zidisha volti 36 kwa ampea-saa 10, unapata wati-saa 360. Hiyo ndiyo nishati yote iliyomo ndani ya betri, na hakuna tangazo linaloweza kuiongeza. Mtu anayekanyaga pedeli kwa bidii ya kawaida huku mota ikimsaidia hutumia takriban wati-saa 10 hadi 15 kwa kilomita. Anayekaa tu akaiachia mota ifanye kazi yote, tena kwenye tairi nene za inchi 4 zinazosugua barabara, anaweza kufika 20. Kwa hiyo safari yako halisi ni kati ya kilomita 18 na 36. Wewe unahitaji kilomita 18 kwenda na kurudi. Wakati wa joto utafika, lakini katika baridi ya Minnesota betri hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, na hapo unaweza kujikuta unaisukuma baiskeli ya kilo 22 alfajiri. Mtu anayeandika kilomita 100 kwenye betri ya wati-saa 360 ama hajaipima, ama ameipima kwa namna ambayo wewe hutaipanda.

Sasa tazama ndani ya hiyo betri. Kwa kawaida betri ya namna hii hutengenezwa kwa seli za 18650, yaani vichupa vya chuma vyenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Kila seli hutoa volti 3.6, hivyo zinapangwa 10 kwa mfululizo kupata volti 36. Na kama kila moja ina ampea-saa 2.5, zinawekwa safu 4 sambamba ili kupata ampea-saa 10. Jumla ni seli 40. Juu yake huwekwa saketi ya ulinzi inayozuia seli zisichajiwe kupita kiasi, zisiishiwe kabisa, na zisitoe umeme mwingi kuliko uwezo wake. Mtengenezaji akitaka kushusha bei, hawezi kupunguza chuma cha fremu bila watu kuona, lakini anaweza kununua seli za daraja la chini au zilizokwisha kutumika, na anaweza kuweka saketi dhaifu, na hakuna mnunuzi atakayeliona hilo kwa macho maana limefungwa ndani ya boksi la plastiki. Hapo ndipo kuuziwa mbuzi kwenye gunia kunapokuwa jambo la usalama wa nyumba nzima.

Sisemi haya kwa kutisha. Idara ya zimamoto ya New York ilihesabu mioto 268 iliyosababishwa na betri za lithiamu mwaka 2023, na watu 18 walikufa katika mioto hiyo. Nyingi kati ya betri hizo ni za baiskeli na skuta za umeme, na ndiyo sababu tangu tarehe 16 Septemba 2023 sheria ya mji huo imekataza kuuza baiskeli ya umeme ambayo mfumo wake wa umeme haujathibitishwa kwa kiwango cha UL 2849, au betri isiyo na UL 2271 (UL ni shirika la Marekani la kupima usalama wa bidhaa). Wewe huishi New York, lakini kiwango hicho kinakufaa kama kipimo. Waulize kama baiskeli nzima imepata UL 2849, na waombe namba ya cheti na jina la maabara iliyoipima. Kama ni maabara ya UL yenyewe, orodha yao ipo mtandaoni na unaweza kuitafuta mwenyewe kwa jina la mtengenezaji.

Uwe mwangalifu na majibu yanayofanana na jibu. Wakikuambia betri ina UN 38.3, hicho ni kipimo cha kuruhusu betri isafirishwe, na kila betri ya lithiamu inayosafirishwa inapaswa kuwa nacho. Wakikuambia ina alama ya CE, kwa bidhaa nyingi alama hiyo mtengenezaji hujiwekea mwenyewe kwa kutangaza kwamba ametimiza masharti ya Ulaya. Wakikuambia kwamba seli zimetoka kwenye kampuni yenye jina, waombe picha ya betri ikiwa wazi, maandishi ya seli yakisomeka.

Nikutajie na jambo la baridi, maana huku kwetu hatulijui kwa uzoefu ila kwa vitabu vya kazi. Betri ya lithiamu haipaswi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, kwa sababu lithiamu hujipaka kwa hali ya metali kwenye ncha hasi badala ya kuingia ndani yake, na seli huharibika bila kurudi. Saketi nzuri ya ulinzi ina kihisi cha joto kinachokataa chaji katika hali hiyo. Saketi ya bei ya chini mara nyingi haina. Ukiingia nyumbani alfajiri ya Januari, iache betri ipate joto la chumba kwa saa kadhaa kabla hujaichomeka, na usiichaji karibu na mlango unaoutegemea kutokea.

Mtanga wa Minneapolis

Nawashukuru sana Mama Salma na Fundi. Sikuwahi kuizidisha ile volti kwa ampea-saa, na sasa naona kwamba swali langu la kwanza lilipaswa kuwa hilo. Nimewaandikia waandaaji kuhusu cheti na betri ya akiba. Nauliza tena: nikilipa kwa kadi ya mkopo, si benki itanirudishia fedha baiskeli isipokuja?

Karani wa Kadi, Houston

Kaka, nimefanya kazi ya kushughulikia malalamiko ya wenye kadi kwa miaka kadhaa, na hilo ndilo tumaini ambalo watu wengi hulitegemea kuliko linavyostahili.

Hapa Marekani sheria inampa mwenye kadi ya mkopo haki ya kupinga deni la kitu ambacho hakikuletwa, lakini barua yake inapaswa kuifikia benki ndani ya siku 60 tangu ilipotumwa taarifa ya kwanza yenye deni hilo. Wewe unaahidiwa baiskeli baada ya miezi minne, kwa hiyo siku 60 zitakwisha ukiwa bado unasubiri kwa amani. Mitandao ya kadi ina kanuni zake ambazo mara nyingi hutoa nafasi ndefu zaidi, ikihesabu tangu tarehe uliyoahidiwa kupokea bidhaa, lakini hapo ndipo barua za kuahirisha zinapofanya kazi yake: kila mwandaaji anaposogeza tarehe, mchangiaji mvumilivu anasogea naye, na siku anapochoka kuvumilia anaambiwa muda umepita. Ukitoa fedha, weka picha ya ukurasa unaotaja tarehe ya kwanza, ihesabu hiyo peke yake, na ulalamike mapema. Usitumie kadi ya kawaida ya benki, kwa kuwa ulinzi wake ni mdogo zaidi.

Zaidi ya hapo, mwandaaji anaweza kujibu kwamba hukununua bidhaa, ulichangia mradi ukijua kwamba unaweza kushindwa. Kickstarter, mtandao unaoendesha kampeni za namna hii, walilisema waziwazi tangu Septemba 2012, walipotangaza kwamba wao si duka, na wakati huohuo wakawakataza watengenezaji wa vifaa kuonyesha michoro ya kompyuta badala ya kitu halisi kilichokwisha kutengenezwa. Indiegogo, mtandao mwingine wa aina hiyo, nao walijulikana kwa mpango unaomruhusu mwandaaji kuchukua fedha hata kama lengo halikufikiwa. Na kuhusu lengo: dola 20,000 hazitoshi kutengeneza kalibu za sehemu za plastiki za baiskeli mpya na kulipia vipimo vya maabara, sembuse kuagiza shehena. Lengo dogo huwekwa ili livukwe siku ya kwanza na watu wavutiwe na umati.

Hata hivyo sikubaliani na mtu atakayesema kwamba kampeni hizi zote ni wizi. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilichapisha utafiti uliowauliza wachangiaji takriban 47,000 wa Kickstarter, na ikaonekana kwamba miradi 9 katika kila 100 ilishindwa kutoa ilichoahidi. Hiyo ni miradi ya kila aina, vitabu na muziki vikiwemo, na baiskeli ya umeme ni ngumu kuliko kitabu. Lakini kwa vyovyote walio wengi walipata kitu.

Mfano ulio karibu zaidi na swali lako ni ule wa mwanzoni mwa 2015, wakati baiskeli iliyoitwa Storm ilipoingia Indiegogo kwa dola 499, ikiwa na tairi nene na mota ya wati 350. Usafirishaji ndani ya Marekani ulikaribia dola 200 zaidi. Watu wengi wa biashara ya baiskeli walisema kwamba bei hiyo haiwezekani, wengine wakaiita utapeli bila kumung'unya maneno, lakini kampeni ilikusanya karibu dola milioni 6, na baiskeli zikatoka. Zilikuwa za kawaida sana, zenye betri ndogo, ila zilikuwa baiskeli za kweli, na kampuni iliendelea kwa jina la Sondors ikauza nyingine nyingi. Aliyechangia 2015 alikuwa na haki ya kujisifu.

Lakini usiishie hapo. Januari 2021 kampuni hiyohiyo ilitangaza pikipiki ya umeme, MetaCycle, kwa dola 5,000, ikapokea fedha za watu kabla ya kuwapa chombo, na wengi walisubiri kwa muda mrefu kuliko walivyoahidiwa. Kufikia mwanzoni mwa 2024 kampuni ilikuwa mikononi mwa mfilisi. Wale wenye baiskeli za zamani wakawa na bahati moja: mota na sehemu nyingi zilikuwa za aina ya kawaida inayopatikana kwa watu wengine. Ndiyo maana swali la Mama Salma kuhusu soketi ya betri ni zito kuliko linavyoonekana.

Na kuhusu serikali, kesi ya kwanza ya tume ya biashara ya Marekani dhidi ya mwandaaji wa kampeni ya namna hii ilikuwa Juni 2015, kuhusu mchezo wa ubao uliokusanya zaidi ya dola 122,000 na haukutolewa na mwandaaji huyo. Aliamriwa kulipa karibu dola 112,000, kisha malipo yakasitishwa kwa kuwa hakuwa na uwezo. Serikali ilishinda na wachangiaji hawakupata kitu kwake.

Uangalie pia ushuru. Vifurushi vya chini ya dola 800 vilikuwa vinaingia Marekani bila ushuru, lakini msamaha huo uliondolewa mwaka 2025, kwanza kwa bidhaa za China mwezi Mei na kisha kwa nchi zote Agosti. Kama tangazo halisemi nani atalipa, jihesabie wewe.

Fundi wa Makorora, Tanga

Mwanangu, shikamoo za baba yako nitazipokea mimi kwa niaba yake, maana huenda namfahamu kwa sura; wazee wanaokwenda Pongwe kwa baiskeli siku hizi si wengi. Nitasema kuhusu hiyo ya pili.

Kwanza, ndege haitaichukua. Betri za lithiamu zinazoruhusiwa kwa abiria hazizidi wati-saa 100, au hadi 160 kwa idhini ya shirika, na Fundi Umeme ameshakupigia hesabu kwamba hiyo yako ina 360. Ukiipakia kwenye sanduku watakutolea uwanjani, na ukiiacha Minneapolis baba atapokea baiskeli isiyo na betri. Kwa meli inawezekana, ila itahesabiwa miongoni mwa bidhaa hatarishi, na wengi wanaopakia mizigo ya watu binafsi watakukatalia au watakuongezea bei.

Pili, tazama chaja kabla ya kitu kingine. Huko mna volti 120 na huku tuna 230. Chaja iliyoandikwa 100 hadi 240 haina tabu. Iliyoandikwa 110 hadi 120 peke yake itaungua siku ya kwanza, na nimeshawahi kuletewa moja ikiwa imeyeyuka upande mmoja.

Tatu, tairi ya inchi 20 kwa 4 siipati hapa. Hapa Mgandini nitapata tairi na tyubu za inchi 26 na 28 muda wowote, spoku, mnyororo, beringi na pedeli, lakini tairi nene ya namna hiyo nitaiagiza Dar es Salaam bila uhakika. Baba akipata pancha nitamzibia. Tairi ikipasuka ubavuni, baiskeli italala. Pia kilo 22 kwa mzee wa miaka 68 siku chaji imeisha katikati ya njia ni mzigo, kwa sababu gurudumu la inchi 20 lenye mota halikanyagiki kama Phoenix.

Baiskeli za umeme zinazouzwa hapa nchini zipo, na nyingine ni za kawaida zilizofungwa mota baadaye. Kama ni lazima umsaidie kwa umeme, mtafutie mota ya kufunga kwenye gurudumu la inchi 26, pamoja na betri inayouzwa hapa na mtu mwenye duka ambaye naweza kumrudishia ikiharibika. Hewa yetu ina chumvi, na kila kiungio cha waya kisichozibwa vizuri hupata kutu ya kijani ndani ya mwaka. Ndiyo maana nataka chombo ambacho naweza kukifungua. Hilo kufuli la simu silipendi hata kidogo. Mwaka 2023 kampuni ya VanMoof ya Uholanzi ilipofilisika, wenye baiskeli walihangaika kwa hofu kwamba huduma ya simu ikizimwa hawataweza kuzifungua, na ile ilikuwa kampuni kubwa yenye maduka.

Mama Salma, Columbus

Nimekumbuka jambo moja, mdogo wangu. Mota ya wati 1,000 inavuka kipimo cha sheria ya Marekani, ambayo inahesabu kuwa baiskeli ya umeme kile chenye mota ya chini ya wati 750 na kisichozidi maili 20 kwa saa kikiendeshwa na mota peke yake. Ukigongana na mtu njiani, bima inaweza kukuuliza kama ulikuwa juu ya baiskeli au juu ya pikipiki isiyosajiliwa. Pia mwaka 2024 jimbo lenu la Minnesota lilikuwa na mpango wa kurudishia wanunuzi wa baiskeli za umeme hadi dola 1,500, kutegemea kipato. Ulizia kama bado kuna nafasi, kwa sababu fedha za namna hiyo huenda kwa anayenunua dukani, si kwa anayechangia kampeni.

Mtanga wa Minneapolis

Shikamoo Fundi wa Makorora, nawe Mama Salma, na ahsanteni nyote.

Waandaaji wamejibu leo. Kuhusu cheti wamesema kwamba baiskeli "imetengenezwa kwa kuzingatia viwango vya UL", hawakutoa namba wala jina la maabara. Kuhusu betri ya akiba wamesema itauzwa baada ya kampeni kwa bei itakayotangazwa. Nilipouliza ni baiskeli ngapi zilizokwisha kutengenezwa, walinitumia picha moja, na mkwaruzo ule upo palepale kwenye rimu ya nyuma.

Sitatoa fedha. Jumamosi nitakwenda kwenye duka moja la hapa ambalo lina baiskeli ya umeme ya dola 999, mota ya wati 500 na betri ya volti 48 na ampea-saa 14. Nimezidisha, ni wati-saa 672, na kwenye ubavu wa betri kuna alama ya UL 2271, nami nitaitafuta namba yake kabla ya kulipa. Nimewaomba waniruhusu kuiendesha hadi ghalani na kurudi, na wamekubali mradi niwaachie kitambulisho. Dola 400 za ziada ni safari 24 za gari la kukodi.

Baba nimempigia simu jana. Nilimweleza habari ya mota akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema anachohitaji hasa ni keria imara ya kubebea magunia na taa ya mbele inayowaka akirudi jioni. Fundi, naomba unitumie bei ya vyote viwili pamoja na ufundi wako, nami nitakutumia fedha kwa simu wiki hii, na Phoenix ataileta mwenyewe.